Maharagwe Tisa kwa Ndagala

Maabara yangu ya kwanza ilikuwa meza ya plastiki yenye mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo niliweka kamusi ya Kifaransa. Wiki hiyo sikuwa na kazi nyingine ya kuipa kamusi.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya sayansi na usimamizi wa chakula, kwa njia ya mtandao, katika chuo kilichoko mbali sana na Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa. Walimu wangu huko walikuwa na vyumba vyeupe na mashine za kupima ulaini wa biskuti. Mimi nilikuwa na kompyuta kuukuu na pembe moja ya baraza ambako mtandao ulipatikana nikiegemea nguzo kwa bega la kushoto. Kwa bega la kulia haukupatikana. Nilijaribu mara nyingi, kwa sababu mimi ni mtu wa kujaribu mara nyingi.

Afadhali niseme mapema nilivyo. Nikikosea herufi moja katika daftari, siifuti. Nauchana ukurasa mzima na kuuandika upya. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya usimamizi wa biashara, kwa hiyo kemia nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu nilichokipakua kwenye simu. Sura za kwanza zilikataa kufunguka, nikaanzia katikati. Ndiyo maana nilijua jinsi mafuta yanavyochacha kabla sijajua atomu ni nini. Kila nilipoingia kwenye somo la video niliogopa kwamba siku moja mwalimu angeniuliza swali la sura ya kwanza.

Kanuni ya chuo ilikuwa rahisi kuelewa: ukianguka somo lilelile mara mbili, unatoka. Na somo la kupima ladha ya chakula nilikuwa nimeshaanguka mara moja. Sikuanguka kwa kukosa akili. Nilianguka kwa sababu sikutuma kazi. Siku ya mwisho ilinikuta bado nalinganisha ukubwa wa herufi za jalada, na jalada lilikuwa zuri kweli.

Kwa hiyo mara ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tulitakiwa tuchague chakula cha kwetu, tukitengeneze kwa njia tatu, tutafute watu wasiopungua wanane waonje, na kila mmoja aipe kila sahani alama kuanzia moja hadi tisa. Nilichagua ndagala, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Sikuhitaji kufikiri sana. Mama yangu anauza ndagala wakavu katika soko la Rumonge, na dada yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, anawakausha ufukweni, upande wa kwenda Gatete. Nimekua nikinuka ndagala. Shuleni nilikuwa nikijipaka mafuta ya mgando mara mbili ili wenzangu wasijue, na wote walijua.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya ndagala waliokaushwa mchangani, kama mama mkubwa anavyofanya tangu familia irudi kutoka ukimbizini Tanzania. Ya pili, waliokaushwa juu ya kichanja cha wavu wa waya. Ya tatu ilikuwa yangu: ndagala waliolowekwa kwanza katika maji ya chumvi niliyoyapima kwa mizani, kisha wakakaushwa kichanjani huku nikiwageuza kwa kuangalia saa. Njia hiyo niliisoma katika vitabu vinne. Kabla hata jua halijawakausha, nilikuwa nimeshaandika hitimisho la ripoti, nalo liliwasifu.

Kitabu cha kupima ladha kilikuwa na masharti mengi, na mimi napenda masharti kama wengine wanavyopenda sukari. Waonjaji wasionane, nikakata makatoni ya sabuni nikayasimamisha kati yao. Waonjaji wasiongee. Sahani zisiwe na majina, ziwe na namba tu. Kati ya sahani na sahani, mtu asukutue mdomo kwa maji. Na anayesimamia asionyeshe uso wala asile, asije akawashawishi. Hilo la mwisho nililitekeleza kuliko yote. Niliazima koti jeupe kwa jirani muuguzi, nikavaa glavu, nikafunga barakoa, na kichwani nikavaa ile kofia ya plastiki ya kuogea. Nilipojitazama kwenye kioo nilijiona nimeendelea.

Walikuja wanawake wanane: mama, mama mkubwa, na sita wanaokausha samaki pamoja naye. Waliponiona, mmoja akaniita dogiteri, yaani daktari, na jina hilo likanishika mpaka leo. Waliuliza bugali, yaani ugali, iko wapi. Nikawaeleza kwamba sayansi haitaki bugali. Waliuliza kama nimegombana na mtu. Nikawaomba wasiongee, wakakubali, na kimya kile kilidumu muda wa kupiga chafya moja. Nilipowaambia kwamba asiyetaka kumeza anaweza kutema kwenye kikombe, mama aliangalia pembeni kama mtu ambaye mtoto wake amevua nguo sokoni.

Nikaweka sahani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikafunga mikono mgongoni. Wakainama nyuma ya makatoni yao. Haikupita muda, sahani zikawa tupu. Nikapita kwa mmoja mmoja, kila mtu akaninong'oneza alama zake, nikaziandika daftarini.

Mwonjaji wa kwanza alitoa tisa, tisa, tisa. Wa pili tisa, tisa, tisa. Nilipofika kwa wa tano mkono wangu ulikuwa unaandika kabla hajafungua mdomo. Tisa ishirini na nne. Wakanishukuru, murakoze cane, wakaniombea Mungu na masomo yangu, wakaondoka wakiwa wameshika pembe za vitenge vyao.

Nilikaa mbele ya meza ile nikalia kidogo, kwa utaratibu. Tisa ishirini na nne hazina maana yoyote. Kitabu kinasema ukipata hivyo, umekosea mahali, na mimi nilikuwa sijui wapi, kwa sababu masharti yote nilikuwa nimeyafuata. Nilidhani walinionea haya tu. Mtoto wetu amejitahidi, tumpe tisa.

Sasa naandika jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Nilifungua kompyuta nikabuni alama. Waliokaushwa mchangani niliwapa nne, tano, sita. Waliokaushwa kichanjani, sita na saba. Wangu, nane nane, na saba hapa na pale ili nisionekane mroho. Nilimbuni hata mwanamke mmoja asiyependa ndagala wangu, nikampa tatu, ili mambo yafanane na ukweli, na nakumbuka nilimkasirikia mwanamke huyo. Ripoti ilitoka safi bila doa. Niliituma siku mbili kabla ya mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Jibu la mwalimu lilikuja kwa upole. Alisema kazi ni nadhifu sana, na kabla ya kutoa alama angependa kuona karatasi za asili, zile ambazo kila mwonjaji alijaza kwa mkono wake. Nizipige picha na kuzituma kufikia Jumatatu.

Mtu mwingine angeungama hapo hapo. Mimi nilikwenda dukani nikanunua kalamu za biki nane, za bluu, nyeusi na nyekundu, na moja ya kijani iliyokuwa ikivujisha wino. Nikaketi barazani mchana, nikaanza kutengeneza miandiko minane. Laza huu, simamisha ule, huyu abonyeze sana karatasi, huyu mikono yake imelowa. Nilikuwa nafurahia kazi, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Mama alirudi kutoka sokoni, akatua beseni, akanywa maji, akaja kusimama nyuma yangu. Mama husoma polepole na hukisoma chochote, hata karatasi iliyofungia sabuni. Alichukua karatasi ya mwonjaji wa pili. Hapakuwa na majina, ila nilikuwa nimeandika umri na kazi ya kila mmoja.

"Huyu wa pili ni nani?" aliuliza.

Nikasema ni mama mkubwa.

"Dada yangu alijua kuandika lini?"

Nilikuwa nimempa mwandiko mzuri kuliko wote, wenye mikia mirefu. Mama mkubwa huweka kidole gumba kwa kila kitu, na mimi mwenyewe ndiye ninayemsomea ujumbe wa simu.

Nilimweleza yote: tisa ishirini na nne, alama za kubuni, barua ya mwalimu, kanuni ya kuanguka mara mbili. Nilisema kama si wao kunionea haya na kunipa tisa za bure, nisingefika hapo. Mama aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akavipanga vizuri.

"Hakuna mutu alikuonea haya," alisema. "Hakuna mutu alionja."

Nikamwambia sahani zilirudi tupu.

"Zilirudi tupu, ndiyo. Weye ulikuja umefunga mudomo na kitambaa, umevaa glavu kama mutu anashika kitu kibaya. Ukatuwekea samaki, ukarudi nyuma, ukasema kuleni. Weye mwenyewe hukugusa. Sasa nani atakula?"

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, mbele yako, ili ujue ni salama, ndipo anakupa. Chakula cha mtu usiyekuwa na uhakika naye ni hivyo hivyo. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Unalikuta, kama unavyokuta ziwa. Mimi mwenyewe nimeonja juisi ya ndizi mbele ya wageni tangu sijajua kuhesabu, na singepokea kikombe kwa mtu aliyesimama hatua tatu nyuma na mikono mgongoni. Wanawake wale walinijua tangu mtoto. Lakini aliyesimama mbele yao siku ile hakuwa mimi. Alikuwa dogiteri.

"Hata wewe, mama?"

"Miye zangu nilifunga mu kitenge, sawa na wote. Nilifika nyumbani nikatupia kuku."

Naapa kwamba nilimwuliza kuku walipenda sahani ipi.

"Kuku hawakuniambia," alisema mama. Kisha akairudisha karatasi ya mwonjaji wa pili mezani, akaifunika kwa ile ya wa tatu. "Na mwalimu wako sasa unamupa sahani ambayo weye mwenyewe hukuonja."

Akaingia ndani kupika.

Barua ya kuungama niliiandika mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na utangulizi. Ya saba ilieleza historia ya uvuvi. Ya kumi na moja ilikuwa na sentensi tatu: kwamba alama nilizibuni, kwamba waonjaji hawakuonja kwa sababu ya kosa langu, na kwamba naomba kurudia ikiwa inawezekana. Niliegemea nguzo kwa bega la kushoto, nikatuma, nikafunga kompyuta kama mtu anayefunga mlango wa choo chenye nyoka.

Siku tatu sikula vizuri. Jibu lilisema kwamba jambo hilo limepelekwa kwa kamati ya chuo, na kamati imeamua nirudie ndani ya siku kumi, nikiwa na ushahidi wa kila alama. Nikifanya vizuri kiasi chochote, sitapata zaidi ya kumi juu ya ishirini, yaani alama ya kupita tu. Nikipata pungufu, nimetoka.

Mtu wa kawaida angeshukuru. Mimi nililala kitandani nikaitazama ile kumi darini. Sijawahi kupata kumi. Niliwahi kupata kumi na tano nikaugua. Nilifikiri kwa dhati kabisa kuacha masomo, kwa hoja kwamba kazi isiyoweza kufika ishirini haina haja ya kufanywa. Nilipompelekea mama hoja hiyo, aliniuliza kama ndagala wa jaribio la pili wameshalowekwa.

Safari hii nilimwendea mama mkubwa ufukweni kabla ya kufanya lolote. Alikuwa akigeuza samaki kwa ufagio wa mchikichi, akanisikiliza bila kusimama. Alikuwa na masharti yake, nami niliyaandika kama nilivyoandika yale ya kitabu. Niache lile koti. Ninawe mikono mbele ya watu. Nionje kila sahani kwanza. Bugali iwepo mwishoni. Na hizo karatasi niziondoe, maana nusu yao hawaandiki na nusu nyingine hawapendi kuonekana wakiandika.

"Sasa alama watazitoaje?" nikauliza.

"Maharagwe," alisema. "Kila mutu umupe yake. Kopo tatu, sahani tatu. Samaki mubaya, anatia moja. Muzuri sana, anatia tisa. Unafunika kopo, hakuna mwenye kuona. Hii ni kitu ya kuuliza?"

Haikuwa kitu ya kuuliza. Nilikwenda nyumbani nikachambua maharagwe, ishirini na saba kwa kila mwanamke, nikitafuta yanayolingana. Mama alinitazama kwa muda akauliza kama nayachagua ya kuhesabia au ya kuposa.

Tulikutana asubuhi, saa nne, jua likiwa bado na adabu. Kwa kuwa makatoni yaliwafanya wajione kama wamefungwa, niliwaketisha wamepeana migongo, wengine wakitazama ziwa, wengine barabara ya Nyanza-Lac. Nikanawa mikono. Nikachukua ndagala mmoja kutoka sahani ya kwanza, nikamng'ata kichwa, nikatafuna, nikameza. Vivyo hivyo ya pili na ya tatu. Wanane wale walinigeuzia shingo kunitazama koo likishuka. Kisha mama mkubwa akanyoosha mkono, na wote wakanyoosha mikono.

Sikuweza kuwanyamazisha, na baada ya dakika tano nikaacha kujaribu. Lakini niliwasikia wakila kweli. Walivunja samaki katikati wakanusa, wakasugua mkia kati ya vidole. Mmoja alitema mchanga, akasema ndagala hii imekuja na kiwanja chake. Ilikuwa ya mama mkubwa. Mama mkubwa akasema mchanga unasaidia meno. Kisha akafika sahani ya tatu, ile yangu, akatafuna, akatafuna tena.

"Aliyekausha hii," alisema, "nyumbani kwake ana sufuria?"

"Ni mimi, mama mkubwa."

"Najua ni weye. Ndiyo maana nasema pole pole." Akachukua bugali kabla ya wakati wake. "Chumvi ya isombe yangu ya majani ya muhogo natia miye. Samaki huyu ameshanipangia. Nikimutia mu sufuria, miye nabaki kufanya nini?"

Wanawake wakacheka, na mmoja aliyetazama ziwa akasema ni kweli, samaki huyu ni kama wifi. Nilisikia maharagwe yakidondoka katika kopo la tatu. Nilikuwa nimeshajua sauti ya tisa ilivyo, na hiyo haikuwa tisa.

Nilihesabu makopo ya kila mmoja, nikayapiga picha yakiwa wazi, maharagwe yote yakionekana. Wa kichanjani bila chumvi walishinda. Wa mchangani walifuata, kwa sababu wawili walisema wana harufu wanayoijua. Wangu, niliowapima kwa mizani na saa, walikuwa wa mwisho. Wawili walinipa maharagwe mawili mawili, na mama mkubwa matatu. Mmoja alinipa saba. Nilipotazama nani, alikuwa mama, na sikujua kama niandike hilo katika ripoti kama upendeleo wa mwonjaji au nini. Niliandika.

Niliandika yote. Kwamba waliongea. Kwamba msimamizi alionja kwanza, na kwa nini, na kwamba bila hivyo hakuna ambaye angekula. Kwamba katika jaribio la kwanza walioonja walikuwa kuku. Hitimisho langu la zamani nililifuta, na ripoti ikawa na mashimo kama wavu wa waya. Jalada nililitengeneza kwa dakika nne. Nilijua kwa sababu nilipima.

Alama ilikuja baada ya wiki mbili: kumi juu ya ishirini. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika maneno machache. Alisema kwamba kwa miaka mingi amefundisha kuwa msimamizi asile, na sasa anataka kuniuliza maswali mawili matatu kuhusu hilo katika somo lijalo, mbele ya wengine. Nilisoma mara nyingi kutafuta kama amekasirika. Nilibaki katika masomo. Niliitazama ile kumi, nikaiacha pale ilipo.

Nikaenda kumwambia mama mkubwa. Nilimkuta ameinama kwenye kichanja cha waya. Alikuwa na kimoja sasa, kipya, upande wa mwisho wa mchanga wake, na hakukizungumzia. Nilimwambia nimepata kumi.

"Ni nzuri?"

"Ni ya kupita."

"Basi umepita. Mbona umekunja uso?" Hakungoja jibu. Alichukua ndagala mmoja kutoka kichanjani, aking'aa bado, akamng'ata nusu, akatafuna, akameza. Nusu iliyobaki akanipa. "Sema."

Nikatafuna nikitazama ziwa. Wote waliokuwa karibu waliacha kugeuza samaki.

"Sita," nikasema.

"Sita kwa nini?"

"Bado mubichi karibu na mgongo. Na iko na mchanga kidogo."

Aliutazama mchanga chini ya kichanja, ambako mifagio ya wenzake ilikuwa ikiurusha juu siku nzima. Kisha akashika mguu mmoja wa kichanja, akaniashiria kwa kichwa nishike wa pili, tukakisogeza mbali na mifagio.